Nguo Nyeupe ya Amirali

Kibua, tarehe 3 mwezi wa pili 2001

Mama Aimée, bibi yangu,

Angalia vizuri ile M yenye mukia murefu, usiseme ni muntu mwingine anakuandikia. Niko hai. Nianze na hilo, mengine yatafuata.

Papa Jacques, ule mufanyabiashara wa Butembo mwenye kupitisha chumvi na sabuni kila upande, njo aliniambia kama mulikimbia kijiji chetu cha Kingi, na kama sasa muko kambini Kashuga, wewe na watoto na mama yangu. Nilimushukuru Mungu, nikalia kidogo. Mimi ile siku nilikuaga sikufika sokoni. Kwenye bariere, pale watu wa bunduki wamefunga njia, walinikuta na mashini yangu ya kushona kichwani, wakaniuliza kazi, nikasema fundi wa nguo. Kosa langu njo hilo. Ningesema mimi ni mulevi wangeniachia.

Sasa niko kwa Amirali. Usishituke na jina. Huku kila kilima iko na jenerali wake, wengine hata viatu hawana, basi mukubwa wetu alikataa kuitwa jenerali kama watu wote. Alisikia «amirali» mu radio, akauliza kama ni juu ya jenerali ao chini, hakuna aliyejua, akachukua. Ni muntu mwema. Tunakula. Hii barua sekretere wake ataisoma mbele ya kutoka, na mimi nafurahi aisome, juu sina kitu cha kuficha.

Shida iko moja. Amirali anataka nimushonee nguo ya cheo chake, na hapa hakuna muntu ameona amirali kwa macho. Nilimushonea ya rangi ya majani kama ya askari wote, akaitupa mu matope. Akasema fundi asiyejua nguo ya mukubwa wake ni adui ao ni mujinga, nichague mwenyewe. Nikakumbuka Papa Eugène, jirani yetu, aliyekuwa baharia kule Matadi mbele ya kuoa Masisi. Papa Jacques anasema muko naye hapo. Muulize: amirali ni nani hasa, jina lilitoka wapi, anavaa nini, nyota ngapi. Uandike yote, usiruke kitu.

Amirali amesema siku nguo itaisha na imupendeze, nitarudi nyumbani. Alisema mbele ya watu.

Usalimie mama na watoto.

Viateur

*

Kashuga, tarehe 14 mwezi wa pili 2001

Papa Aimée,

Barua yako nilianza kusoma nimesimama, nikamalizia chini. Hapa watu walikuwa wanasema umekufa. Mama yako alikuwa amekwisha kuchagua mugomba wa kuzika mu nafasi yako, kama tunavyozikia muntu asiyeonekana. Nilikataa. Nikamuambia: mama, tukizika mugomba, hata akirudi ni maiti anatembea, nani atakubali kumushika mukono? Akanikasirikia sana, hata chakula changu hakula. Sasa anaimba. Anakohoa lakini anaimba.

Sisi tuko, tunalala wote kwenye kibanda cha majani, mvua inaingia inapotaka. Aimée amejifunza kubeba maji bila kumwaga. Mudogo wake anauliza kama mashini yako inalala ndani ao inje.

Nilienda kwa Papa Eugène. Unamujua, muzee wa kubishana, ukimuambia leo ni Jumatatu anataka ushuhuda. Lakini kusikia neno amirali alikaa sawasawa, akafunga vifungo vya shati. Nakuandikia maneno yake.

«Jina hili halikuzaliwa Ulaya, mama. Ni la Waarabu. Kwao amiri ni mwenye kutoa amri, na sisi wenyewe tunasema amri kila siku. Mbele walisema amiri wa bahari, amiri wa hiki, amiri wa kile. Wazungu wa kisiwa kimoja upande wa Italia walilikuta kwa Waarabu waliotawala pale, likawapendeza, wakalichukua. Lakini walikata mukia. Wakabaki na ‹amiri al›, ni kusema ‹amiri wa›, bila kuuliza wa nini. Wafaransa wakalivika kofia, likapanda meli, likatufikia Matadi. Basi ukimuita muntu amirali, umemuita Mukubwa wa, halafu umenyamaza. Ile ya nyuma lazima ailete mwenyewe: meli zake, watu wake. Kama hana, ni Mukubwa wa, basi.»

Amirali wako iko na watu, kwa hiyo haimuhusu.

Nguo: nyeupe. Kofia nyeupe, koti nyeupe, suruali nyeupe, viatu vyeupe. Juu ya mabega dhahabu, na nyota tano. Wenye nyota mbili ao tatu ni wa chini yake. Nikamuuliza Papa Eugène, «Nyeupe hata siku ya vita?» Akafungua mudomo aseme kitu, akaniangalia, akaufunga. Halafu akasema polepole: «Nyeupe, mama. Andika nyeupe.» Njo naandika.

Kitambaa nimemupa Papa Jacques akuletee. Usiniulize nilikitoa wapi. Ukianza kushona utajua.

Verdiane

*

Kibua, tarehe 27 mwezi wa pili 2001

Mama Aimée,

Nilifungua mufuko, nikakunjua, nikageuza ndani inje. Pale kiunoni nikaona ule uzi wa bulu. Ni mimi niliutia, mwaka ule uzi mweupe uliniishia siku moja mbele ya ndoa yetu, nikasema hakuna atakayeangalia ndani. Umenitumia kanzu yako ya ndoa. Nilikaa nayo magotini, sekretere akauliza kama naumwa macho, nikamuambia ni moshi.

Amirali alifurahi sana na maneno ya Papa Eugène. Ile ya mukia uliokatwa ilimuchekesha. Alisema, «Walikata juu walijua iko mingi ya kusema. Mimi ni Mukubwa wa vyote.» Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nilimupima. Ni mwembamba, bega la kuume linashuka kidogo. Umbo lake na langu ni karibu moja, hata sekretere aliona. Siku Amirali hana nafasi, navaa mwenyewe ile koti, sekretere anazunguka na kutia pini. Kanzu haikutosha suruali, niliongeza shuka la wagonjwa la dispansere iliyofungwa.

Sasa nikuulize kama fundi, tusikilizane vizuri. Nyeupe. Huku ni pori, Mama Aimée. Wewe njo mwenye kufua, unajua kitambaa cheupe ukikianika kwenye majani, muntu anakiona iko bado kilima cha pili. Ulifikiri vizuri? Mimi nashona kile niliambiwa. Lakini ulifikiri?

Nashona bila haraka. Kila jioni nakuta kosa mahali, nafumua. Mupishi wetu hapa naye aliahidiwa atarudi kwao siku maharagi yataisha. Anapika bado. Ni mupishi muzuri.

Viateur

*

Kashuga, tarehe 9 mwezi wa tatu 2001

Papa Aimée,

Nilifikiri vizuri sana.

Papa Eugène anaongeza hivi, umusomee Amirali kwa sauti. Amirali hajifichi. Akipanda meli, bendera yake inapanda juu ya mulingoti, ili meli zote zijue iko wapi. Siku ya vita anasimama pa juu, mahali watu wake wanamuona na adui naye anamuona. Anayesimama nyuma ya mabaharia wake, wanamucheka mpaka watoto wao wanamucheka. Hiyo ni desturi ya cheo, haikuanza jana.

Kwa hiyo usifumue tena. Maliza nguo. Na siku ya kuivaa, yeye atangulie.

Nina hasira, Papa Aimée. Sekretere aisome, haidhuru. Mama yako alilala chini siku tatu, amefumbua macho jana na neno la kwanza ni wewe. Nguo yangu ya ndoa iko na kazi moja tu sasa, nayo ni kukurudisha.

Verdiane

*

Ng'ambo ya barabara kubwa, tarehe 2 mwezi wa ine 2001

Mama Aimée,

Kaa chini mbele ya kusoma. Siko tena kwa Amirali. Na mimi njo Amirali.

Nguo iliisha. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, dhahabu nilitoa kwenye pazia la kanisa waliloiba. Nilimusomea barua yako kwa sauti, kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akasema, «Bibi yako iko na akili.» Halafu jioni yote aliiangalia ile nguo, hakuivaa. Mimi nikajua ameelewa kama nyeupe ni mutego.

Asubuhi yake tulipaswa kuvuka barabara, na kikundi cha Komanda, adui yake ambaye niko kwake sasa, kilikuwa kinavizia ng'ambo. Amirali akaniita. Akasema, «Fundi, vaa kwanza, nione kama inakaa vizuri kwa mwenye kutembea.» Nikavaa. Akavua koti lake, akachukua langu, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, akalivaa. Akanitia kofia kichwani kwa mukono wake. «Desturi inasema Amirali anatangulia,» akasema. «Tangulia.» Mudomo wa bunduki ulikuwa unanigusa mugongo.

Nilitembea. Mama Aimée, barabara ile si pana, lakini niliona kama haina mwisho. Nilikuchukia pale katikati, nakuambia ukweli wote. Nilisema, mwanamuke huyu amenishonea sanda. Halafu nikaona vile hakuna anayepiga. Waliokuwa wanavizia walinyamaza. Baadaye walinielezea: waliona nyeupe kutoka kichwa mpaka miguu, wakafikiri ni padri anapeleka sakramenti kwa mugonjwa. Mumoja alivua kofia. Nyuma yangu Amirali na watu wake walipotea mu pori upande mwingine, na mimi nikafika mikononi mwa hawa.

Walipoona nyota tano waliacha kuniita padri. Komanda alinizunguka, akagusa mabega, akakimbilia redio yake ya mawasiliano. Jioni habari ikapita mpaka mujini: Amirali amekamatwa. Nasema mimi ni fundi, wanacheka. Wanasema, «Kila mukubwa akikamatwa anakuwa fundi.»

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema wazee. Wewe ulichimba, mimi nikaingia. Lakini sikuchukii tena. Ilikuwa barabarani tu.

Lile koti la jirani yetu Papa Mbonigaba, ambalo nilikuwa nimeshona mukono mumoja tu siku tulitengana, ulikimbia nalo? Kama unalo, mutumie Komanda. Muandikie mwenyewe. Mimi haniamini.

Viateur

*

Kashuga, tarehe 13 mwezi wa ine 2001

Kwa Mheshimiwa Komanda,

Mimi ni Verdiane, wa Kingi, mama wa watoto wawili. Hatujuani. Nakuandikia juu ya muntu uliyemukamata na nguo nyeupe.

Ule si Amirali. Ni Viateur, bwana yangu. Amirali alimuvika ile nguo kwa bunduki. Najua maneno ya mwanamuke ni upepo, kwa hiyo sikuombi uamini maneno. Papa Jacques anakuletea koti. Ni la jirani yetu, Papa Mbonigaba. Mukono wa kushoto umeshonwa, wa kuume haujashonwa, kipande chake iko mufukoni pamoja na uzi na sindano. Mupatie mufungwa wako akae mbele yako, aushone. Halafu weka mikono miwili pamoja, uangalie ndani. Kila fundi iko na mukono wake kama muntu alivyo na sauti yake. Bwana yangu anarudisha sindano nyuma mbele ya kukata uzi, na kwapani anatia kipande kidogo cha pembe tatu ambacho hakuna aliyemufundisha.

Amirali hajui kutia uzi kwenye sindano.

Kama mikono haifanane, ufanye unavyotaka. Kama inafanana, unirudishie bwana yangu, na Papa Mbonigaba apate koti lake, juu baridi ya Masisi haingoje vita iishe.

Verdiane

*

Ng'ambo ya barabara kubwa, tarehe 24 mwezi wa ine 2001

Mama Aimée,

Komanda alifanya kila kitu ulichoandika. Alikaa kwenye kibao, mimi chini, nikashona mukono wa kuume kwa siku moja. Aligeuza koti, akaona kile kipande cha kwapani, huku na huku, vinafanana kama macho mawili. Akapitisha kidole juu yake. Akasema, «Kweli wewe ni fundi.»

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, mimi mujinga.

Akaniambia nikae. Akanieleza kama muntu anayemueleza rafiki, na hiyo njo iliniogopesha. Habari ya Amirali imefika kwa wakubwa wake mujini. Wamemupandisha Komanda cheo, amekuwa kanali. Sasa wanataka Amirali aletwe, aonyeshwe kwa watu. Akinipeleka, kutatokea muntu mumoja wa Kingi atasema, huyu ni Viateur alinishonea suruali. Akiniachia, nitaonekana sokoni Kashuga na metre ya kupimia nguo shingoni. Upande wowote yeye ni mwongo na kanali inaanguka. «Ingekuwa heri kama ungekuwa Amirali kweli,» akasema. Alikuwa na huruma.

Jana askari wake mumoja alisema mbele yangu kama shida hii dawa yake ni risasi moja, juu amirali aliyekufa hakanushi kitu. Komanda alimusikiliza mpaka mwisho. Alimuomba moto wa sigara.

Wameniruhusu kuandika juu nimemushonea nyota za kanali. Nimezitia vizuri, sikujua nifanye nini kingine. Ulisema kweli, wakaiamini, na sasa ukweli njo unaniua. Sina akili tena. Kama uko na moja, uitume haraka.

Viateur

*

Kashuga, tarehe 1 mwezi wa tano 2001

Papa Aimée,

Hii barua ni ya watu wawili. Najua Komanda anasoma, basi asome, nitasema naye kupitia kwako kama watu wa nyumba moja wanaonuniana.

Muambie kama wakubwa wake wanataka Amirali, awape amekufa. Homa inaua mu pori kila siku, hakuna atakayeshangaa. Amirali alikamatwa, alishikwa na homa, alikufa, alizikwa kwa heshima ya cheo chake. Kanali inabaki kanali. Hata inakuwa nene zaidi.

Na maiti? Maiti iko tayari kwenye shamba lolote. Akate mugomba wa urefu wa muntu. Wewe uuvike ile nguo nyeupe, uushone mbele mpaka shingoni, usifunguke. Tunazikia hivi wazazi wetu waliopotea, na Mungu hajatukasirikia. Nilimuuliza Papa Eugène, akasema hata baharini maiti ikichukuliwa na maji, wanashusha bendera nusu, wanapiga bunduki hewani, na kile cheo kinaisha pale. Cheo njo kinazikwa, mama, akasema, si nyama.

Sasa Komanda atauliza, juu ya nini nijisumbue na mugomba wakati risasi iko. Nimujibu vizuri. Anayeua Viateur na kumuzika kwa jina la Amirali ataitwa na wafu wawili, na hajui ni nani atakuja wa kwanza. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni mimi. Bwana yangu akirudi, mimi sijui kitu, sikuona kitu, Amirali ni nani? Lakini akikufa nitalia. Nitalia Kashuga, nitalia Kingi, nitamusindikiza Papa Jacques mpaka Butembo nikilia, na nitalia jina la Viateur, fundi, na namna alivyokufa na nguo ya nani. Kilio cha mujane hakisimamishwe kwenye bariere.

Sikutishi, Komanda. Nakuonyesha njia mbili, na moja iko mufupi.

Papa Aimée, usiwe na huruma na ile kanzu. Iende.

Verdiane

*

Kibua, nyumbani kwa rafiki wa Papa Jacques, tarehe 20 mwezi wa tano 2001

Mama Aimée,

Hakuna anayesoma hii. Nimeandika huu mustari wa kwanza na nikaungoja kidogo, kuona kama muntu atakuja kuuangalia. Hakuna.

Komanda alisoma barua yako pekee yake, nyuma ya nyumba. Aliporudi aliniuliza, «Huyu bibi ulimupata wapi?» Nikasema Kingi. Akasema, «Kingi wasikutanishe watu wa namna hii.» Halafu akatuma watu kukata mugomba.

Niliupima kabla ya kuuvika, ni mazoea tu. Nilishona mbele mpaka shingoni kama ulivyosema. Kiunoni niliuona tena ule uzi wa bulu, nikaugusa, nikaendelea. Niliutia nyota zote tano. Tukaufunga na mukeka, wakaita watu wa vijiji, wakaona miguu myeupe na kofia tu, Komanda akatoa heshima kwa mukono, askari wakapiga hewani. Mama mumoja mwenye mutoto mugongoni alilia kweli. Sijui alikuwa anamulilia nani. Mimi nilikuwa na jembe, njo nilifukia. Jioni habari ilipita mu radio: Amirali amezikwa. Kesho yake Komanda akaniambia nisaidie kubeba mifuko ya Papa Jacques, na nisigeuke nyuma.

Sasa nikuambie kile kilinikuta leo, kisha nilale.

Mbele ya kuingia hapa Kibua, kwenye njia, tulikuta muntu amekaa kwenye jiwe peke yake. Amevaa koti la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko. Papa Jacques alisimama ghafula na mufuko kichwani. Mimi nilijua koti mbele ya kujua muntu.

Ni yeye. Amekonda. Hana bunduki, hana sekretere. Aliniangalia muda, halafu akaniita Fundi, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akasema watu wake walisikia radio, na wengine walienda wenyewe kuona kaburi, wakarudi na udongo mukononi. Tangu ile siku hakuna anayemuitika. Anatoa amri, wanaangalia pembeni. Alimushika sekretere bega, sekretere akapiga ishara ya musalaba akakimbia. Wote ni watoto wa hii milima, Mama Aimée. Kwao muntu aliyezikwa kwa jina lake, hata kama ni mugomba, ni maiti anatembea, hawezi kuwapa amri. Mupishi alienda kwao na sufuria zote. Mashini yangu sijui nani alichukua.

Akasema, «Fundi, wewe unajua. Twende kijijini, uwaambie ninaishi. Neno moja tu.»

Papa Jacques aliniangalia. Nilimukumbuka Papa Eugène na ule mukia uliokatwa. Muntu huyu alikuwa amekaa mbele yangu, na nyuma ya jina lake hakukuwa tena na kitu hata kimoja. Na neno alilotaka ni ukweli, na mimi nilikuwa nalo. Lakini nikilisema, kaburi linafunguliwa, kanali inaanguka, na mimi narudi barabarani na nguo nyeupe.

Nilimuambia, «Mimi ni mubeba chumvi. Amirali nilimuzika mimi mwenyewe.»

Hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama muntu aliyekuwa amekwisha kuambiwa. Nilipeleka mukono mu mufuko wa koti langu, na yeye mwenyewe akiwa ndani, nikatoa metre yangu. Ilikuwa bado pale, imekunjwa vile niliikunja. Koti nilimuachia. Mvua ilikuwa inakuja, na yeye anatetemeka.

Keshokutwa nitakuwa Kashuga. Umuambie mama asitafute mugomba tena, na umuambie Papa Mbonigaba koti lake nakuja nalo, iko na mikono miwili.

Viateur